Jeshi la Kurithi: Tanganyika na Uasi wa Januari 1964

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, jeshi lake lilikuwa vikosi viwili vya King's African Rifles, maarufu kwa jina la keya, vilivyopewa jina jipya la Tanganyika Rifles. Kimoja kilikuwa katika kambi ya Colito nje ya Dar es Salaam, kingine Tabora. Kilichobadilika kilikuwa jina na nembo. Maafisa waliendelea kuwa Waingereza kwa sehemu kubwa, na desturi za kambini zilibaki zile za jeshi lililowahi kupelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia na Kenya dhidi ya Mau Mau. Jeshi hilo liliundwa kulinda himaya. Suala la lingemlinda nani baada ya himaya kuondoka halikupewa uzito.

Si vigumu kuona sababu. Serikali mpya ilikosa madaktari, wahandisi na walimu. Chuo kikuu chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka uleule wa uhuru, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Katika nchi yenye watu milioni tisa hivi, askari wasiozidi 2,000 walionekana jambo la kusubiri. Mikoani na wilayani Waafrika walishika nafasi za wakoloni kwa kasi, lakini afisa wa jeshi alihitaji mafunzo ya muda mrefu ng'ambo, kwa hiyo askari waliona wenzao wa uraiani wakipanda vyeo huku wao wakiendelea kupokea amri kutoka kwa watu walewale, kwa mshahara duni. Mapema Januari 1964 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba upendeleo kwa Waafrika katika ajira za serikali ungekoma na raia wote wangetendewa sawa. Kwa misingi ya haki, tangazo hilo lilikuwa sahihi. Kambini lilisikika vingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari askari wa Colito waliwakamata maafisa wao, wakaingia mjini na kushika sehemu muhimu, Ikulu ikiwa mojawapo. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza nao, Nyerere akiwa mafichoni. Madai yao yalikuwa mawili: nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Wapo walioona mkono wa njama, hasa kwa kuwa Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametokea siku nane tu kabla, lakini madai yenyewe ni ya mgogoro wa kazi, wa aina ileile iliyokuwa ikiwasumbua makuli wa bandari na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Tofauti ni kwamba waliogoma walikuwa na bunduki, na serikali haikuwa na nguvu nyingine ya kuwakabili. Hata sehemu ya polisi ilikuwa imepelekwa Zanzibar. Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Waingereza, na tarehe 25 Januari makomando wao waliotoka katika manowari Centaur wakaumaliza uasi kwa saa chache. Kwa taifa la miaka miwili, hiyo ilikuwa fedheha.

Uasi ulienea hadi Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya, nako Waingereza wakaitwa. Njia zilizofuata hazikufanana. Kenya iliwashtaki waasi katika mahakama ya kijeshi na kuendelea kushirikiana na Uingereza katika mafunzo. Huko Uganda, Milton Obote aliongeza mishahara na kuharakisha vyeo, na mwaka 1966 akalitumia jeshi dhidi ya Kabaka Mutesa II. Mwaka 1971 jeshi hilohilo, chini ya Idi Amin, likampindua Obote mwenyewe. Tanganyika peke yake ndiyo iliyolivunja jeshi la kurithi. Kikosi cha Nigeria kilishika nafasi kwa muda, na tarehe 1 Septemba 1964, baada ya Muungano na Zanzibar, likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiongozwa na Mrisho Sarakikya. Askari wapya walitafutwa miongoni mwa vijana wa chama tawala, TANU, na mwanajeshi akaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama.

Hatua hiyo ilifanikiwa kwa kipimo kigumu kuliko vyote: Tanzania haijapata kupinduliwa na jeshi. Gharama yake, hata hivyo, haikulipwa na askari peke yao. Baada ya uasi viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini, shirikisho lao likavunjwa, na NUTA, chama kilichofungamana na serikali, kikachukua nafasi yake. Mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja uliingizwa katika katiba. Usalama wa dola na ukuu wa chama vilikuwa vimefungwa pamoja, na vikakaa hivyo hadi mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudishwa na wanajeshi kukatazwa kujiunga na chama chochote cha siasa.