Madai Yaliyoitwa Wazimu: Kisa cha Elijah Masinde na Malezi ya Tabibu

Mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikifikia ukingoni, mtu mmoja wa Kimilili, katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Bungoma, aliyekuwa amekataa kung'oa magugu shambani mwake kwa amri ya serikali, aliyepinga watu kuandikishwa kwa kazi za vita, na aliyehubiri hadharani kwamba Wazungu warudi walikotoka, alitangazwa kuwa hana akili timamu akapelekwa hospitali ya Mathari, Nairobi. Jina lake Elijah Masinde. Alizuiliwa huko hadi mwaka 1947. Na kwa muda huo wote madai ya ardhi, ya ibada na ya utawala, yaliyostahili kujadiliwa barazani, yalikuwa yamehamishiwa wodini na kuhesabiwa kuwa dalili za maradhi.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na waandishi wa siasa na wa dini. Makusudi ya makala hii ni kukitazama kama tukio la historia ya tiba, kwani ndani yake mna jibu la swali ambalo vyuo vya udaktari vingali vinaulizana: mwanafunzi aliyekwisha elemewa na elimu ya viungo, ya dawa na ya vijidudu, aongezewe falsafa, historia na fasihi kwa faida gani?

Masinde hakuwa mtu wa kujificha. Alizaliwa Kimilili mwanzoni mwa karne ya ishirini, akasoma kwa Marafiki, wamisionari wa madhehebu ya Quaker waliokuwa na nguvu nyingi katika nchi ya Waluhya, na ujanani akajulikana kwa kandanda, hata akawa nahodha wa timu ya Kimilili na mwaka 1930 akacheza katika mashindano ya Kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Alifarakana na kanisa alipooa mke wa pili, na baada ya muda akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyowaita Wabukusu, watu wa kabila lake miongoni mwa Waluhya, warejee kwa Wele, Mungu wa mababu zao, wawaheshimu wafu wao kwa tambiko, na wauelekee Mlima Elgon, ambao wenyewe huuita Masaba, kwa sala na matumaini.

Maneno hayo hayakuanguka hewani. Mwaka 1895 Wabukusu walikuwa wamepigwa na jeshi la Waingereza kule Lumboka na katika ngome ya Chetambe, na watu waliokuwa watoto siku hizo walikuwa bado hai Masinde alipoanza kuhubiri. Baada ya vita ya kwanza ya dunia ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi. Mji wa Kitale ukachipuka katikati yake. Reli ikafika huko mwaka 1926. Na Wabukusu wengi ambao hapo zamani walilisha ng'ombe katika nyanda zile walijikuta wakiishi juu yake kama maskwota, wanapewa kipande cha kulima kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba, na mifugo yao ikipunguzwa kila kanuni zilipokazwa. Mtu aliyesema katika hali hiyo kwamba wageni waondoke aweza kuwa mkali, aweza hata kuwa mwenye kuchochea fitina. Lakini kumwita mwenda wazimu kwahitaji kwanza kuthibitisha kwamba asemayo hayana msingi katika mambo yaliyotokea, na hilo halipimiki kwa kipimajoto wala kwa nyundo ya kugongea goti.

Mkuu wa Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950 alikuwa Daktari J. C. Carothers, aliyeingia Kenya mwaka 1929 kuwa tabibu wa serikali, na ambaye alikabidhiwa hospitali ile kabla hajapata mafunzo rasmi ya maradhi ya akili. Si insafu kumtwika yeye binafsi kila hukumu iliyotolewa zama zile, walakini fikra zake twazijua, kwa kuwa aliziandika. Katika makala yake ya mwaka 1951 alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikampa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau, naye akaeleza uasi ule, ambao mizizi yake ilikuwa katika ardhi iliyoporwa, kana kwamba ni msukosuko wa nafsi zilizoshindwa kuhimili mabadiliko.

Yafaa tuangalie kwa hadhari kilichopungua hapo. Carothers hakuwa mjinga wala mvivu: alihesabu wagonjwa wake, akaandika takwimu, akasoma vitabu vya wenziwe. Alilolikosa ni zoezi la falsafa, ambalo humfundisha mtu kuuliza kipimo chake kimetoka wapi kabla hajamkadiria mwingine nacho. Na alikosa historia, ambayo ingalimwonyesha kwamba wagonjwa aliowahesabu walikuwa wameletwa na polisi, na machifu na waajiri, katika hospitali iliyotenga wodi zake kwa rangi ya ngozi, hivyo kwamba hesabu yake ilieleza tabia ya utawala kuliko tabia ya ubongo. Wala maarifa ya kumfaa hayakuwa mbali. Tangu mwaka 1934 mwanachuoni wa Kijerumani, Günter Wagner, alikuwa akikaa miongoni mwa Walogoli na Wabukusu, akiandika habari za tambiko, za ndoa, za mirathi na za namna watu wanavyoeleza chanzo cha ugonjwa na kifo. Lakini juzuu ya kwanza ya kitabu chake ilitoka mwaka 1949, wakati Masinde alipokuwa amekwisha kutiwa wazimuni, akatolewa, akakamatwa tena.

Kwani alipofunguliwa mwaka 1947 hakunyamaza. Mwaka huo huo aliwaongoza maelfu ya wafuasi kupanda Chetambe kuwaombea waliouawa mwaka 1895, jambo ambalo kwa mwenye kujua historia lilikuwa matanga yaliyocheleweshwa kwa zaidi ya miaka hamsini, na kwa asiyejua lilikuwa uthibitisho mwingine wa kichaa. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini huko Malakisi wakaua watu kumi na mmoja. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku. Na Masinde akahamishiwa Lamu, ambako alikaa hadi ukoloni ulipokuwa ukielekea kwisha. Hatusemi alikuwa malaika. Wafuasi wake walilaumiwa kwa uchomaji wa mali, na hata serikali ya uhuru, ambayo haikuwa na sababu ya kuwapenda walowezi, ilimtia ndani zaidi ya mara moja kabla hajafariki mwaka 1987. Lakini ni ajabu yenye mafunzo kwamba kila aliposhitakiwa baada ya hapo aliitwa mchochezi, mwasi au mvunja sheria, majina ambayo mtu aweza kuyajibu. Ni tiba peke yake iliyompa jina lisilojibika, maana kila ambalo mtu aliyeitwa mwenda wazimu hulisema ili kujitetea huandikwa katika cheti chake kuwa dalili nyingine.

Haikuwa desturi ya kale kuitenga tiba na hekima. Galen, tabibu mkubwa wa Rumi ambaye vitabu vyake viliongoza tiba kwa zaidi ya miaka elfu, aliandika risala nzima kushikilia kwamba tabibu bora ni mwanafalsafa pia; na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika Kanuni ya Tiba kwa mkono ule ule ulioandika juu ya mantiki na juu ya nafsi, wala hakuona kwamba anaruka kutoka kazi moja hadi nyingine. Utengano umekuja karibuni, hususan baada ya ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 huko Marekani, ambayo iliwafungia mlango walaghai wengi na kuijenga elimu ya udaktari juu ya maabara, jambo la kushukuriwa, ila kwa gharama ya kumzoesha mwanafunzi kudhani kwamba kisichoonekana kwa hadubini hakimhusu.

Walioamka kuyajibu mafundisho ya Carothers walikuwa matabibu waliozipa fani hizo za falsafa na historia uzito sawa na dawa. Frantz Fanon, aliyetibu wagonjwa wa akili katika hospitali ya Blida nchini Aljeria, alimtaja kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1961, akaonyesha jinsi tiba ilivyokodiwa kuutakasa utawala, na T. Adeoye Lambo wa Nijeria, tangu mwaka 1954, aliwapanga wagonjwa wa hospitali ya Aro katika vijiji jirani wakaishi na jamaa zao, kwa imani kwamba hujui akili ya mtu ilipovurugika mpaka ujue ilivyokuwa ilipotulia, na jambo hilo nduguze wanalijua kuliko daktari.

Huku kwetu jibu lilitoka mahali pasipotazamiwa, yaani katika idara ya falsafa. Tangu mwaka 1974 Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake, walizunguka vijijini wakiwahoji wazee wenye busara juu ya Mungu, uhuru, mauti, haki na kweli, wakizinukuu hoja zao pamoja na majina yao, ili kukanusha dhana kwamba Mwafrika wa kijijini hufikiri kwa kundi wala hana rai ya peke yake. Miongoni mwa waliohojiwa walikuwamo Wabukusu, kama Simiyu Chaungo, na kazi hiyo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1990. Oruka hakuwa akiandika kwa ajili ya matabibu. Lakini mwenye kuusoma mradi ule akikumbuka Mathari ataona kwamba katika nchi ile ile ambamo mkoloni aliona akili zenye kulala, mwanafalsafa alikaa chini, akauliza, akajibiwa kwa hoja.

Mwaka huo huo wa 1990 kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari. Mkuu wake wa kwanza, Profesa Haroun Mengech, alikuwa mtaalamu wa maradhi ya akili, na mtaala uliowekwa ulimtaka mwanafunzi ajifunze kwa kuchambua visa vya wagonjwa tangu mwanzo, na tena atumwe mara kwa mara kwenye vituo vya afya vya vijijini, akae huko kwa majuma, aulize maji yanatoka wapi, nani huamua mtoto apelekwe hospitali, na kwa nini dawa iliyotolewa haikumezwa. Mwaka 2005 chuo hicho kilianzisha shahada ya uzamili ya udaktari wa familia, ya kwanza ya namna yake nchini, na hospitali ya Webuye, katika kaunti ya Bungoma, ikawa mojawapo ya mahali pa kuisomea. Mwenye kufika Webuye huona vilima vya Chetambe vimeusimamia mji. Hivyo madaktari wanaofundishwa kumtazama mgonjwa pamoja na nyumba yake na nasaba yake wanafundishwa chini ya vilima vile vile ambavyo Masinde alivipanda kuomboleza.

Faida ya malezi hayo yaonekana katika mambo ya kila siku. Tuchukue tohara ya Wabukusu, inayofanywa mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ambapo kijana husimama wima mbele ya ukoo wake bila kupepesa jicho. Mhudumu wa afya asiyejua maana ya kusimama kule atamshauri achomwe sindano ya ganzi, atashangaa akikataliwa, na ataandika kwamba watu wale ni wabishi. Ilhali aliyejifunza ataelewa kwamba ganzi humnyang'anya kijana ushahidi wa ujasiri wake, naye atazungumza na wazee juu ya kisu kimoja kwa kila kijana, juu ya usafi wa jeraha na juu ya kinga ya Ukimwi, mambo ambayo hayavunji heshima ya mtu na yanaokoa maisha. Kadhalika Kitale, mji ambao zahanati yake moja yaweza asubuhi moja kupokea Mbukusu, Msabaot, Mpokot, Mturkana na Mkikuyu, tabibu asiyejua kusikiliza kisa atabaki na orodha ya maumivu tu. Wala vitabu vyake vya mafunzo hayo si lazima viagizwe ng'ambo: Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na makumbusho ya binafsi aliyoyaanzisha Kanali Hugh Stoneham mwaka 1926, yana maboma ya mfano ya jamii za magharibi, na mwanafunzi wa udaktari angaliweza kupewa siku moja ya masomo humo.

Watasema wengine kwamba foleni ni ndefu, madaktari ni wachache, na miaka ya masomo haitoshi hata kwa yaliyomo. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kujibiwa kwa maneno matamu. Lakini muda unaookolewa kwa kutosikiliza hulipwa baadaye na mgonjwa anayerudi mara ya tatu na ugonjwa ule ule, au asiyerudi kabisa. Tena elimu tunayoitetea haihitaji kitivo kipya, yahitaji saa chache zilizopangwa vizuri, visa vya kweli, na mwalimu wa falsafa au wa historia anayeketi darasani pamoja na mwalimu wa tiba.

Kisa cha kuanzia kipo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, pamoja na marekebisho ya mwaka 2022 yaliyoongeza haki za mgonjwa, ingali inamtegemea tabibu atoe rai yake pale mtu anapolazwa pasipo ridhaa. Maana yake ni kwamba kila daktari anayehitimu Eldoret au Nairobi anakabidhiwa sehemu ya uhuru wa raia. Ni haki basi, kabla ya kukabidhiwa, apewe faili la Masinde, aulizwe ni maswali gani yangalipasa kuulizwa Mathari mwaka 1945 na hayakuulizwa, na jibu lake litiwe alama katika mtihani kama litiwavyo alama jibu la jina la mfupa.