Kichwa cha Brutus na Fuvu la Kalenga

Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tanzia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mwaka 1969 akaitoa tena, ameisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Wapenzi wa vina na mizani wamejadili sana mishororo yake isiyo na vina. Mimi niliichukua hadi Kalenga, karibu na mji wa Iringa, nikaisoma tamati yake huko.

Msomaji aikumbuka tamati hiyo. Brutus, ameshindwa vitani Filipi, ajiua kwa upanga asije akatembezwa Rumi kama mateka. Antony amsifu kuwa ndiye muungwana kuwapita wenziwe wote. Octavius aamuru azikwe kwa heshima za askari, na usiku ule maiti ilazwe katika hema lake mwenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sasa tuitazame Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Mkwawa liliangamiza kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani waliitwaa ngome ya Kalenga. Mkwawa akaendelea kupigana maporini karibu miaka minne, hata tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa Mlambalasi, akajipiga risasi. Kama Brutus, aliona heri mauti kuliko pingu. Lakini hakuna aliyemlaza hemani. Kichwa chake kilikatwa, kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Ilipita miaka thelathini na mitano. Mwaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipoleta fuvu alilolichagua mjini Bremen, akamkabidhi Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu.

Mhakiki atasema Brutus na Mkwawa hawafanani. Ni kweli. Mmoja alimuua rafiki yake. Mwingine alilinda nchi yake, ingawa naye hakuwa malaika, na majirani zake Wasangu waliuonja mkuki wake. Hoja yangu ni nani aliyepewa kuandika tamati. Shakespeare alimfuata Plutarch, asemaye kuwa Antony aliifunika maiti ya Brutus kwa joho la thamani, na majivu akampelekea mama yake. Suetonius asimulia mengine: Octavius alikipeleka kichwa cha Brutus Rumi, kitupwe miguuni pa sanamu ya Caesar. Kichwa hicho hakimo katika tamthilia. Kilichobaki jukwaani ni ukarimu wa washindi, nao walijisifu wenyewe walipomsifu maiti.

Tumezoea kuisoma tanzia kwa kutafuta dosari ya shujaa: kiburi, wivu, pupa. Usomaji huo una faida, ila humwacha mshindi bila kuulizwa neno. Akisoma hivyo mtu wa Kalenga, atakuta kosa lote ni la Mkwawa, na aliyeshika kisu hatamwona kabisa.

Basi, msomaji, utakapoifunga tena Juliasi Kaizari, moyo wako umetulizwa na maneno mazuri ya Octavius, uliza kwanza: maiti iko wapi, na kichwa chake kiko kwa nani?