Jenerali Francis Ogolla (1962–2024): Rubani kutoka Ukanda wa Ziwa

Kutoka Buhare, Musoma nchini Tanzania, mwambao wa Ziwa Victoria unaelekea kaskazini, unavuka mpaka na kufika Siaya, Kenya, alikozaliwa Francis Omondi Ogolla tarehe 16 Februari 1962.

Alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili 1984. Mwaka uliofuata alitunukiwa cheo cha Luteni wa Pili na kupangiwa Jeshi la Anga. Akawa rubani wa ndege za kivita, kisha mwalimu wa marubani.

2018: Kamanda wa Jeshi la Anga
2021: Naibu Mkuu wa Majeshi
2023: Mkuu wa Majeshi ya Kenya

Tarehe 18 Aprili 2024, akiwa katika ziara ya kukagua vikosi, helikopta yake ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Watu 10 walifariki, wawili wakanusurika. Zilibaki siku sita atimize miaka 40 jeshini.

Aliusia azikwe upesi, bila jeneza. Tarehe 21 Aprili akazikwa hivyo kijijini kwao Ng'iya, kwa heshima zote za kijeshi.

Kijana unayetamani kurusha ndege, kumbuka: jenerali huyu alianza na nyota moja begani, ile ya Luteni wa Pili.