Ngozi haikuwa na makosa: historia fupi ya plasta na pampu ya insulini

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sikuwa safarini wala sikuishiwa la kusema. Nilikuwa nasoma habari za gundi. Ndiyo, gundi. Msicheke, nitawaeleza.

Dada yangu anaishi Uingereza. Mwanawe ana miaka tisa na ana kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho huacha kutengeneza insulini. Mtoto anatumia pampu. Kimashine chenyewe anakivaa kiunoni, kisha kuna mrija mwembamba unaofika tumboni, na pale unapoingia mwilini pamebandikwa plasta ya duara. Kila baada ya siku mbili au tatu wanabandua na kubandika mahali pengine. Miezi mitano ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha dada akanitumia picha. Tumboni mwa mtoto kulikuwa na kidonda cha duara, ukubwa ule ule wa plasta, kana kwamba mtu amekichora kwa bikari. Kina malengelenge, kinatoa majimaji, na pembeni ngozi imekuwa nyeusi kuliko kawaida.

Nilipopiga simu mtoto akaniambia, "Shikamoo mjomba. Mimi mashine siitaki tena. Nataka sindano."

Dada alikuwa ameshauliza kliniki. Kwanza akaambiwa mtoto ana ngozi laini. Mara ya pili akaambiwa labda hamuoshi vizuri kabla ya kubandika. Sasa wewe mwambie mama wa Kitanga kwamba mwanawe hakuogeshwa! Aliniambia alilia ndani ya basi mpaka nyumbani.

Basi nikajiuliza swali moja tu: hivi ni kweli kosa ni la ngozi ya mtoto? Nikaanza kusoma. Nilidhani nitamaliza kwa jioni moja. Kumbe habari hii ina miaka zaidi ya mia moja.

Twende Toronto, Kanada. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya J.J.R. Macleod, walikuwa wakikamua maji ya kongosho za wanyama wakitafuta kitu cha kuteremsha sukari mwilini. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano ya kwanza. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi. Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama muujiza: sindano moja, mtoto akainuka. Haikuwa hivyo. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipochomwa pakaota jipu. Dawa ilikuwa na uchafu mwingi wa nyama za wanyama. Wakasimama. Mwenzao James Collip akakesha akiisafisha, na tarehe 23 Januari wakaanza tena. Safari hii ikafanya kazi.

Mnaona hapo? Mgonjwa wa kwanza kabisa, na ngozi yake ndiyo iliyotoa taarifa kwamba dawa haijawa safi. Hakuna aliyemwambia Leonard akaoge. Walikwenda kurekebisha dawa.

Kwa miaka mingi baadaye insulini iliendelea kutoka kwa ng'ombe na nguruwe. Wagonjwa wengi walipata mashimo kwenye mapaja na mikono, mafuta ya chini ya ngozi yakiyeyuka pale wanapochoma kila siku. Mashimo hayo yalipungua sana pale viwanda viliposafisha insulini zaidi katika miaka ya 1970, na baada ya insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa bakteria kuruhusiwa Marekani mwaka 1982. Kwa mara nyingine, ngozi ilikuwa imesema kweli.

Sasa tuache dawa, tuje kwenye plasta, maana hiyo nayo ina ukoo wake. Mwaka 1882 mfamasia Paul Beiersdorf wa Hamburg, Ujerumani, alipata hataza ya plasta zake za tiba. Plasta za zamani zilinata kwa mpira na utomvu wa miti, na utomvu ule uliwawasha watu. Mwaka 1901 kampuni hiyo ikatoa Leukoplast, ambayo gundi yake ilichanganywa na oksidi ya zinki ili iwe pole kwa ngozi. Ile plasta nyeupe ya kukunja ambayo bibi zetu waliijua zahanati ni ya ukoo huo. Kwa hiyo hata weupe wake ni jibu la malalamiko ya ngozi!

Mwaka 1920 huko New Jersey, Marekani, Earle Dickson, mfanyakazi wa Johnson & Johnson, alichoka kumfunga mkewe vidole kila anapojikata jikoni. Akaweka kipande cha kitambaa katikati ya plasta, tayari kwa kubandika. Bidhaa hiyo, Band-Aid, iliingia sokoni mwaka 1921. Mwaka ule ule ambao Banting alikuwa anahangaika na kongosho. Plasta na insulini ni marika, ila hazikujua kwamba siku moja zitakutana kwenye tumbo la mtoto mmoja.

Zilikutana kupitia pampu. Mwaka 1963 Dk. Arnold Kadish wa Los Angeles alitengeneza mashine ya kutia insulini iliyobebwa mgongoni kama shanta la mwanajeshi. Hakuna aliyeweza kwenda nayo sokoni. Miaka ya 1970 Dean Kamen akatengeneza pampu ndogo ya kuvaliwa, na mwaka 1978 madaktari wa London, akiwemo John Pickup na Harry Keen, wakachapisha matokeo kuonyesha kwamba kumtilia mgonjwa insulini polepole chini ya ngozi muda wote kunaweza kutuliza sukari vizuri.

Mwaka 1993 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, wagonjwa 1,441. Ulionyesha kwamba sukari ikidhibitiwa kwa makini, ama kwa sindano tatu au zaidi kwa siku ama kwa pampu, macho, figo na mishipa ya fahamu hunusurika sana. Baada ya hapo pampu hazikuwa tena vitu vya watu wachache. Na mwaka 2005 Marekani ikaruhusu OmniPod, pampu isiyo na mrija, ambayo yote nzima inabandikwa juu ya ngozi kwa siku tatu.

Angalieni kilichobadilika. Plasta ya Dickson ulikaa nayo siku moja au mbili, kidole kikapona, ukaitupa. Plasta ya pampu huitupi. Yaani unaitupa, halafu unabandika nyingine, mwaka hadi mwaka. Kwa siku tatu tatu, ni zaidi ya mara 120 kwa mwaka. Binadamu hajawahi kuishi na gundi namna hii.

Madaktari wa ngozi walianza kuandika mapema. Katika miaka ya 1980 ziliripotiwa kesi za watu waliodhurika na epoksi iliyotumika kuunganisha vifaa vya pampu, na wengine na nikeli ya sindano zenyewe. Kisha mwaka 1995, Ubelgiji, kundi la madaktari likaripoti katika jarida la Contact Dermatitis kuhusu mgonjwa aliyekataliwa na gundi ya kifaa cha pampu. Kemikali mojawapo waliyoitaja inaitwa isobonili akrilati. Jina gumu, lakini likumbukeni.

Nini kilitokea baada ya 1995? Karibu hakuna kitu. Ripoti ilichapwa, ikakaa kwenye rafu. Kemikali ile haikuwa hata katika orodha ya kawaida ya vipimo vya mzio, maana iliaminika kuwa haina madhara kwa watu wengi. Mgonjwa akija na kidonda cha duara anapimwa vitu vingine, anaonekana hana tatizo, anaambiwa ana ngozi laini.

Mwaka 2014 kikaingia sokoni Ulaya FreeStyle Libre, kifaa cha kupima sukari kinachobandikwa mkononi kwa siku 14. Watu wakakipokea kwa furaha, maana kutoboa vidole kila saa ni mateso. Lakini vidonda vikaanza kujaa kwenye kliniki za ngozi. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji na Sweden, wakiwemo Anne Herman, Olivier Aerts na Magnus Bruze, wakakipasua kifaa chenyewe na kukipima maabara. Wakakuta nini? Isobonili akrilati. Ile ile ya 1995. Miaka 22 imepita!

Na hapa kuna jambo lililoniacha mdomo wazi. Kemikali hiyo ilikuwa nyingi zaidi pale vipande vya plastiki vya kifaa vinapoungana, kuliko kwenye plasta yenyewe. Inaonekana ilikuwa ikitoka ndani, ikipenya polepole kwenye plasta mpaka inaifikia ngozi. Kwa hiyo mama angemuosha mtoto mpaka angechubuka, wala isingesaidia. Muda si mrefu kemikali hiyo ikaonekana hata kwenye OmniPod. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani kikaitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka huo. Na mwaka huo huo watafiti wakaripoti kwamba FreeStyle Libre 2 haina tena isobonili akrilati. Kumbe iliwezekana kuiondoa.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Nionavyo mimi, sababu kubwa ni karatasi. Losheni inayouzwa Ulaya lazima iandikwe viambato vyake. Kifaa cha tiba kinachokaa mwilini siku 14 hakilazimishwi kuorodhesha kila kemikali ya gundi yake. Daktari akitaka kujua inabidi aulize kiwanda, na kiwanda kinaweza kusema ni siri ya biashara. Sisi waandishi tunajua siri ya biashara maana yake nini.

Kuna na hili la rangi. Vitabu vingi vya ngozi vimejaa picha za ngozi nyeupe, na maelekezo husema "angalia wekundu." Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Unaona zambarau, au kijivu, au weusi zaidi, na doa linabaki miezi mingi baada ya kidonda kupona. Muuguzi anayetafuta wekundu tumboni mwa mpwa wangu atasema haoni kitu mpaka malengelenge yatoke.

Turudi kwa mtoto. Nilimtumia dada haya yote, naye akayapeleka kwa daktari wa ngozi aliyemsikiliza. Daktari akamweleza kwamba kuna kuwashwa na kuna mzio. Kuwashwa kunatokana na jasho, kusugua, kubandua kwa nguvu. Hapo dawa ni kubadilisha mahali kila mara, kuacha ngozi ikauke, kutovuta plasta wakati wa kubandika, na kuilainisha kwa mafuta kabla ya kubandua. Mzio ni kitu kingine. Mwili hujifunza kuitambua kemikali, na somo hilo laweza kuchukua wiki au miezi. Ndiyo maana miezi mitano ilipita salama. Na mwili ukishajifunza, kwa kawaida hausahau. Kuweka kinga chini ya plasta kunaweza kusaidia kwa muda, lakini hakuondoi mzio.

Kipimo chake ni cha kale: mwaka 1895 Josef Jadassohn aliwaonyesha wenzake namna ya kubandika kiasi kidogo cha kitu kinachoshukiwa juu ya ngozi na kusubiri. Mpwa wangu akabandikwa mgongoni, siku mbili, wakabandua, wakasoma. Jibu mnalijua. Isobonili akrilati.

Wakambadilishia kifaa kisicho na gundi hiyo. Wakati wakisubiri alitumia sindano kwa mpango wa daktari, na hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye mtoto wa namna hii: pampu usiivue kwa hasira ukakaa. Insulini yake ni ya haraka, haibaki mwilini kama akiba, na ndani ya saa chache tu damu inaweza kuanza kujaa asidi. Ndiyo maana upele huu si jambo dogo. Mtoto akichoka na kidonda, anaichukia mashine, na mashine ndiyo inayolinda macho na figo zake.

Hapa nyumbani pampu ni chache mno. Wengi wa watoto wetu bado ni chupa na sindano, na hata hizo kuna siku hazipatikani. Kuna atakayesema haya ni matatizo ya matajiri. Sikubali. Vifaa vitakuja siku moja, na vikija vitakuja na gundi zake. Bora tukutane navyo tukiwa tunajua kwamba ngozi ikisema, inafaa kuandika tarehe, kupiga picha, na kupeleka malalamiko mpaka yasomwe.

Jana nimezungumza naye tena. Tumbo limepona, doa jeusi bado lipo. Ameniuliza kama ni kweli wale watu wa Ubelgiji walijua kabla yeye hajazaliwa. Nikamjibu ndiyo, mwanangu, mwaka 1995. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona hawakumwambia mama?"

Sikuwa na jibu. Mwenye nalo aniandikie. Alamsiki.