Bambo na Hesabu ya Watu

Wanunuzi wa nafaka katika pwani yetu wana chombo kiitwacho bambo, nacho ni chuma chenye ncha na mfereji. Mnunuzi huchoma gunia, akatoa punje chache, na kwa punje hizo huhukumu gunia zima. Lakini aliye mwerevu hachomi juu tu; huchoma juu, kati na chini, kwa maana nafaka njema yaweza kuifunika mbovu. Katika tendo hilo dogo imo elimu yote ya kukisia jumla isiyojulikana kwa sehemu iliyojulikana.

Wadachi walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, nyumba zilikuwa rahisi kuhesabu kuliko watu. Mwenye kutaka jumla ya watu alizidisha idadi ya nyumba, au ya walipa kodi, kwa kadirio lake. Na kadirio likikosea, jumla nayo hukosea vivyo hivyo. Tena aliyeogopa kodi alijificha. Agosti 1948 watu wa Tanganyika walihesabiwa kwanza wote. Kisha sehemu moja katika kumi ikachaguliwa, ikaulizwa maswali marefu zaidi. Hapo bambo lilitumiwa sawasawa, kwa kuwa gunia lenyewe lilikwisha kupimwa.

Mwaka ule Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 69,000. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 4,364,541: Kinondoni 1,775,049, iliyokuwa bado pamoja na Ubungo; Temeke 1,368,881, pamoja na Kigamboni; na Ilala waliosalia. Katika wingi huo, mwalimu atakaye kujua watoto wa mtaa wake hawezi kubisha hodi kila mlango. Imempasa kukisia.

Basi tuseme mtaa mmoja wa Temeke una nyumba 400. Mwalimu achukua kila nyumba ya ishirini, apate nyumba 20, na ndani yake watu 168, ambao 42 ni watoto wa umri wa shule. Azidishe kwa 20: watu 3,360, watoto 840. Mwenzake, kwa kuogopa jua na matope, ahesabu nyumba 20 zilizo kando ya barabara kuu. Humo nyumba ni zile za Kiswahili zenye vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku na ukumbi katikati, na wapangaji wengi ni vijana wasio na wake. Apata watu 240, watoto 24. Akizidisha, watu 4,800, watoto 480.

Wote wawili wamezidisha bila kosa. Lakini huyu wa pili amewazidisha watu na kuwapunguza watoto, na shule ikijengwa kwa hesabu yake, watoto 360 watasimama nje. Kosa halimo katika kuzidisha, limo katika kuchagua.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu mambo mawili. Nyumba zichaguliwe kwa zamu iliyowekwa kabla ya kutoka, wala si kwa wepesi wa njia. Na mlango uliofungwa leo urudiwe kesho, maana nao una watu wake. Tena uwiano wa mwaka jana, au wa mtaa wa jirani, usivikwe mtaa huu kama kanzu ya kuazima. Atakayechoma gunia juu tu asishangae akila pumba.