Ya Kale Dhahabu? Tangazo la Motokaa, Kumbukumbu na Usahaulifu

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kauli hiyo tangazo la biashara hushukiwa kabla halijasomwa: mwenye kitu chema na atulie dukani pake, wanunuzi watamfuata. Karne ya ishirini haikuishika hekima hiyo, na ni bidhaa chache zilizotembezwa kwa ufasaha mwingi kama motokaa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba leo ufasaha huo wenyewe umekuwa bidhaa. Kurasa za matangazo zilizokatwa katika majarida ya zamani hununuliwa, hutiwa fremu na kutundikwa ukutani, mara nyingine na watu ambao hawajapata kamwe kushika usukani wa gari linalotangazwa.

Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza jambo hilo kwa macho ya mwanafunzi wa lugha. Hoja yetu ni kwamba tangazo lililoandikwa vyema hufanya zaidi ya kuuza gari. Huliandikia gari hilo maisha mapya. Na watu wanapokuja kuyatamani ya kale, mara nyingi huyatamani maisha hayo yaliyoandikwa, wakayasahau yale yaliyoishiwa. Mfano wetu mkuu ni Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo.

Kwanza neno moja juu ya istilahi. Hali tunayoizungumzia iliitwa nostalgia na tabibu Johannes Hofer katika tasnifu yake ya mwaka 1688 huko Basel. Aliliunda neno hilo kwa maneno mawili ya Kiyunani, yenye maana ya kurejea nyumbani na ya maumivu, akakusudia ugonjwa hasa: unyonge wa watu waliokuwa mbali na kwao. Kiswahili hakina neno moja la maana hiyo. Tunayo hamu, shauku, majonzi na ukiwa, na kila moja lachukua sehemu tu ya mzigo. Hapa tutasema hamu ya kale. Badala ya neno moja, lugha yetu ina methali mbili zinazobishana: ya kwanza yasema ya kale ni dhahabu, na ya pili, kwa lugha isiyopakwa mafuta, yasema mavi ya kale hayanuki. Tutazirejea zote mbili.

2. Lugha ya tangazo kabla ya mwaka 1959

Matangazo ya kwanza ya motokaa yalieleza mashine: nguvu ya injini, bei, idadi ya viti. Kadiri viwanda vilivyoongezeka na magari yalivyozidi kufanana, ndivyo maneno yalivyolazimika kubeba tofauti ambayo chuma hakikuweza kuibeba.

Tarehe 2 Januari 1915 kampuni ya Cadillac ilitoa katika jarida la Saturday Evening Post tangazo lililotungwa na Theodore MacManus, lenye kichwa kinachosema juu ya adhabu ya uongozi. Maelezo yake hayakutaja gari wala injini. Yalikuwa insha fupi juu ya husuda: atanguliaye hushambuliwa, na akiwa mkubwa kweli hudumu. Mtindo ni wa mahubiri, nao humwachia msomaji kazi ya kuunganisha fikira na jina lililo chini ya ukurasa.

Mwaka 1923, katika jarida hilo hilo, Ned Jordan wa Cleveland alitangaza gari lake lililoitwa Playboy kwa kusimulia habari za msichana mpanda farasi mahali fulani magharibi ya Laramie, katika jimbo la Wyoming. Hapa tumetoka katika mahubiri tukaingia katika ngano. Gari limekuwa farasi, barabara imekuwa nyika, na mnunuzi ameahidiwa uhuru. Kiwanda cha Jordan kilikufa mwaka 1931, lakini tangazo lake husomwa mpaka leo. Maneno yameishi kuliko chuma chake.

Mwaka 1958 David Ogilvy aliitangaza Rolls-Royce kwa sentensi moja isemayo kwamba, gari likienda maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ni ya saa ya umeme iliyomo ndani. Hakuibuni, aliitwaa katika maelezo ya mhariri wa ufundi wa jarida moja la magari. Ustadi wake ulikuwa wa kuchagua, na hapa twaona mtindo wa tatu, wa ushahidi: kitu kidogo kinachosikika huthibitisha kikubwa kisichosemwa.

Mahubiri, ngano na ushahidi: mitindo hii mitatu ndiyo iliyokuwapo Volkswagen ilipotafuta wasemaji wake Marekani.

3. Gari na asili yake

Mhandisi Ferdinand Porsche alipewa kazi ya kubuni gari la bei nafuu mwaka 1934. Tarehe 26 Mei 1938 Adolf Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda karibu na Fallersleben, akalipa gari hilo jina la KdF-Wagen, kwa herufi za mwanzo za kauli ya Kijerumani yenye maana ya nguvu kwa furaha, ambayo ilikuwa jina la shirika la mapumziko la chama chake. Bei ilitangazwa kuwa Reichsmark 990. Raia alitakiwa kuweka akiba ya Reichsmark 5 kila juma kwa kununua stempu na kuzibandika katika kadi mpaka ijae. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Vita vilizuka mwaka 1939, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa gari. Baada ya vita baadhi yao walikwenda mahakamani, na shauri halikumalizika mpaka mwaka 1961, walipokubaliwa ama kupunguziwa bei ya gari jipya ama kupewa fedha kidogo taslimu. Tangazo lililotangulia gari lilikuwa ahadi, na ahadi hiyo haikutimizwa.

Lakini deni kubwa halikuwa la wenye kadi. Wakati wa vita kiwanda kiliunda magari ya jeshi na silaha, na watu wapatao 20,000 walifanyishwa humo kazi ya shuruti: raia waliotolewa Poland na Umoja wa Kisovieti, wafungwa wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Watoto wachanga wa wanawake hao walitengwa na mama zao, na mamia kati yao walikufa katika kituo cha Rühen. Daktari wa kiwanda alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Kiingereza, akauawa mwaka 1947.

Mji wa kiwanda ulipewa jina la Wolfsburg mwaka 1945. Meja Ivan Hirst wa jeshi la Kiingereza ndiye aliyekifufua kiwanda, Heinrich Nordhoff akakishika mwaka 1948, na mwaka 1949 Waingereza wakakikabidhi kwa Wajerumani. Mwaka huo magari mawili tu yaliuzwa Marekani.

4. Tangazo linalokiri

Mwaka 1959 Volkswagen iliwapa kazi ya matangazo yake ya Marekani Doyle Dane Bernbach wa New York. Mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo, William Bernbach, alikuwa Myahudi, na ndivyo alivyokuwa mwandishi wa maneno, Julian Koenig. Mchoraji, Helmut Krone, alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani.

Tangazo lao mashuhuri, "Think Small", lina ukurasa karibu wote mweupe, gari dogo likiwa limewekwa juu kwenye pembe kama nzi aliyetua kwenye shuka. Kichwa chake ni maneno mawili na nukta. Yafaa tuyatazame maneno hayo, kwani ni mtihani mwema kwa mfasiri. Tukisema fikiri kidogo, tumemwambia msomaji atafakari kwa muda mfupi. Tukisema waza udogo, sarufi ni salama lakini kejeli imepotea, maana nguvu ya kauli hii yatokana na kupindua kauli nyingine iliyozoewa na kila Mmarekani, inayomhimiza mtu awaze makubwa. Kauli inayoegemea kauli isiyotajwa haivuki mpaka wa lugha pasipo kuichukua ile nyingine nayo.

Tangazo la pili, la mwaka 1960, lina picha ya gari lisilo na dosari ionekanayo, na chini yake neno moja: "Lemon". Kwa Mswahili limau ni tunda la kachumbari na la dawa ya mafua, basi. Katika Kiingereza cha Marekani ni kitu kibovu kilichouzwa kwa hila, na gari hasa. Maelezo yafuatayo hueleza kwamba gari hili limekataliwa kwa sababu utepe wa kromu kwenye kisanduku cha dashibodi una kasoro. Kisha twaambiwa kwamba huko Wolfsburg wako watu 3,389 ambao kazi yao ni moja tu, kukagua magari. Na kwa kuwa magari 3,000 huundwa kila siku, wakaguzi ni wengi kuliko magari. Mwisho wake huchezea upinzani wa matunda mawili: malimau huchumwa na kiwanda, mnunuzi hupata plamu.

Hapa methali yetu ya kwanza imegeuzwa juu chini. Kibaya kimejitembeza kwa kujiita kibaya, na kwa hiyo kikaaminiwa. Mtindo huu wa nne, wa kukiri, ndio ulioyapa matangazo haya sifa. Mwaka 1999 jarida la Advertising Age liliichagua kazi hii kuwa bora kuliko zote za matangazo katika karne ya ishirini.

Hata hivyo mwanahistoria hana budi kuuliza ni nini kilichokiriwa. Kilichokiriwa ni utepe wa kromu. Jina la Wolfsburg latajwa kama mahali pa uangalifu uliokithiri, miaka 15 tu baada ya watu kufanyishwa kazi kwa shuruti katika majengo yale yale. Kukiri kosa dogo kulimpa msemaji sauti ya mkweli, na sauti hiyo ikamwenea msomaji hata asiulize kubwa. Hatudai kwamba waandishi walikusudia kuficha. Nia zao hazimo katika maandishi, na kazi waliyopewa ilikuwa kuuza. Tunachodai ni juu ya lugha: kukiri ni tendo la usemi linaloleta imani kupita mipaka ya kile kilichokiriwa.

5. Njia za Afrika Mashariki

Gari hilo hilo lina historia nyingine kwetu, nayo haikuanzia ukurasani. Lugha yetu ilipoipokea motokaa ilikopa mengi, kama vile injini, breki, gia na tairi, lakini chombo cha kuongozea ilikiita usukani, jina la kale la chombo cha bahari. Mabaharia walikuwa wamekwisha kuitayarishia motokaa nafasi katika msamiati.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishika nafasi ya kwanza mwaka 1954, tena 1957, na tena 1962. Sababu zake zilikuwa za kiufundi: injini iliyo nyuma huyakandamiza magurudumu yanayosukuma, na kwa kuwa hupozwa kwa hewa hakuna maji ya kuchemka mlimani. Baadaye Peugeot 404 ilitwaa ushindi miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Sifa hizi zilipatikana matopeni, mbele ya mashahidi waliosimama kandokando ya njia.

Ndiyo maana hamu ya kale ya Nairobi ina sura yake. Maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, huhukumu gari lenyewe: rangi, injini, usafi wa chini yake. Mashindano ya Safari kwa magari ya zamani, yaliyoanza mwaka 2003, huyarudisha magari hayo njiani. Hata hivyo, hamu hii nayo huchagua. Huyakumbuka magari ya mwaka 1954, na ni mara chache ikumbuke kwamba mwaka huo Kenya ilikuwa chini ya amri ya hali ya hatari, na kwamba Mwafrika wengi wa wakati ule hakuweza kusafiri alivyotaka katika njia zizo hizo.

6. Methali mbili

Tarehe 17 Februari 1972 Volkswagen hii iliipita Ford Model T kwa idadi ya magari yaliyoundwa, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, ikiwa ya 21,529,464. Kila taifa lilikuwa limelipa jina la mapenzi: Käfer kwa Wajerumani, Fusca kwa Wabrazili, Vocho kwa Wameksiko. Mwaka 1998 kampuni ilikuwa imeleta gari jipya lenye umbo la lile la zamani, pamoja na chombo cha kutilia ua kwenye dashibodi. Hapo hamu ya kale haikuwa tena matokeo ya tangazo. Ilikuwa ndiyo bidhaa.

Lakini katika miaka iyo hiyo kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Mwaka 1986 kampuni ilimpa mwanahistoria Hans Mommsen jukumu la kuchunguza kiwanda katika zama za Wanazi. Kitabu alichokiandika pamoja na Manfred Grieger kilitoka mwaka 1996, na mwaka 1998 kampuni ilianzisha mfuko wa kuwalipa waliofanyishwa kazi ya shuruti. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Methali isemayo kwamba ya kale hayanuki ilikuwa imewafaa watu kwa miaka 50, na methali ya dhahabu ilikuwa imekaa juu yake kama kifuniko.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba matangazo ya motokaa yalipita katika mahubiri, ngano na ushahidi hata yakafika katika kukiri, na kwamba kila mtindo ulijenga kumbukumbu ya aina yake. Hatusemi kwamba mapenzi ya gari kuukuu ni kosa. Umbo zuri ni zuri, na sentensi njema yastahili kusomwa tena.

Tunalosema ni kwamba kurasa hizi zisiachiwe watunza fremu peke yao. Magazeti ya Kiswahili ya karne iliyopita nayo yana matangazo ya baiskeli, petroli, matairi na malori, yaliyobuni istilahi na kuahidi maisha mapya kwa lugha yetu wenyewe. Vyumba vyetu vya nyaraka huyahifadhi kama karatasi iliyozunguka habari, na karatasi huliwa na mchwa. Mtu atakayeyakusanya na kuyasoma kando ya kumbukumbu za mishahara, za leseni na za barabara, atapata mambo mawili kwa pamoja: kile tulichoambiwa tukitamani, na kile kilicholipwa ili kipatikane. Kuyasoma hayo mawili pamoja ndiyo kazi ya idara kama zetu.