Kaburi la Mlambalasi

Ng'ambo ya milima ya Udzungwa, yapata kilomita 50 kutoka mji wa Iringa, uko mlima wa Mlambalasi. Hapo amezikwa Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua tarehe 19 Julai 1898 asije akatiwa mbaroni na Wajerumani. Kichwa chake walikikata. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, nalo likarudi mwaka 1954, likahifadhiwa Kalenga. Hivyo mwili uko huku, fuvu liko kule.

Ukipanda kidogo kutoka kaburini wafika kwenye pango la mwamba. Humo wataalamu wamefukua mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Majina yao hakuna ayajuaye. Walakini wenzao waliwalaza ardhini, wasiwaache juani.

Kanisa lahesabu kuzika wafu miongoni mwa matendo ya huruma. Wawindaji wale walilitenda kabla ya katekisimu yoyote; walioitwa wastaarabu walimnyima mtu mzima kaburi moja. Basi tunapofungua mashamba mapya ya mpunga bondeni kwetu, jembe na trekta viyapishe makaburi ya wazee, hata yasiyo na msalaba wala jina.